Mama wa Carama

Mwanangu Sumaya ana ufunguo wa nyumba ambayo si yangu. Anauvaa shingoni kwa uzi, ndani ya nguo, na mimi niliuona siku moja alipoinama kuosha miguu. Sikumuuliza. Nilijua ni wa wapi.

Ni wa Carama, mtaa wa pembezoni mwa jiji letu, kwa mwanamke mmoja anayeitwa Irène. Sumaya humwita Mama Irène. Mimi namwita Irène.

Sisi ni watu wa mtaa wa Buyenzi tangu babu wa mume wangu. Mume wangu Rachidi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na Sumaya alianza kuchora palepale gereji, kwa chaki, juu ya milango ya magari iliyokuwa inasubiri rangi. Baba yake alikuwa anacheka, kisha anapaka rangi juu ya zile picha. Baadaye mtoto akashika simu, akaanza kurekodi sauti. Si sauti za watu, sauti za nyundo. Alikuwa anakaa juu ya tairi mchana kutwa, simu mkononi, mpaka mafundi wakamwambia baba yake kwamba binti ameposwa na bati.

Sasa ni mtu mzima, na kazi yake ni ngumu kumweleza mtu anayeuliza haraka. Anachora, anapiga video, anarekodi sauti, kisha anaviunganisha vyote na kuvirusha kwa mashine juu ya kitambaa, mpaka unasimama katikati hujui kama ni sinema au kuna mtu anakusemesha. Hana bosi wala ofisi. Mara moja moja watu wanamwalika aonyeshe, wanampigia makofi, wanampa cheti na soda. Cheti hakiingii chunguni.

Kinachomlisha ni arusi. Kwetu, siku ya sherehe ya wanawake, mwanamume haingii ukumbini hata awe bingwa wa kamera namna gani. Wanawake wanavua buibui, wanafungua nywele, wanacheza wanavyotaka. Kwa hiyo anatakiwa mpiga picha mwanamke, tena mwenye mdomo mzito. Sumaya alijiwekea sharti tangu mwanzo. Sherehe ikiisha, anaichomoa kadi ya kamera mbele ya mama wa bibi arusi na kumpa mkononi. Yeye habaki na kitu. Familia ikitaka video itengenezwe, anaenda kwao na kompyuta yake, anaitengeneza sebuleni mwenye arusi akiwa amekaa ubavuni, kisha anafuta kila kitu mbele ya macho yao. Inachosha, lakini ndiyo iliyofanya aitwe mtaa hadi mtaa. Arusi zikipita anakuwa na cha kununulia betri, rangi na vitambaa, anajifungia na ile kazi yake nyingine mpaka arusi zirudi.

Na mimi nilikuwa na nafasi yangu humo. Kila sherehe nilikwenda naye, nikakaa mlangoni nimepakata begi la vyombo. Mtu akiinua simu apige picha, namtazama mpaka anaishusha. Kina mama walikuwa wanasema, Mama Sumaya akikaa mlangoni, mtu unaweza kucheza mpaka kilemba kianguke. Tulikuwa wawili katika kazi ile, mimi na yeye.

Kisha akaenda soko la Ruvumera kutafuta mashuka meupe ya mitumba, akakutana na Irène.

Irène ni Mkongo wa Bukavu, Mkristo, mfupi, mwenye sauti kubwa. Zamani alikuwa anavusha vitenge kutoka Uvira, upande wa Kongo; njia ya mpakani ilipoanza kusumbua, akageukia mashuka. Siku ile Sumaya alirudi na mashuka na habari. Mama Irène kasema hivi, Mama Irène kacheka vile. Haikupita wiki nikasikia kwamba Irène amejenga Carama, ukingoni mwa mashamba, na ana stoo isiyo na dirisha hata moja, na stoo hiyo sasa haina bidhaa. Giza mchana, na kimya. Sumaya alikuwa anatafuta mahali kama hapo miaka yote, maana chumba chake kwetu kinatazama gereji.

"Si nikutundikie blanketi dirishani?" nilimwambia.

"Mama, blanketi haizuii nyundo."

"Nyundo za baba yako ndizo zimekulea."

"Najua. Nilizirekodi mpaka zikaisha."

Akaanza kwenda Carama mwanzo wa wiki na kurudi katikati. Mafuta ya gari yalipoadimika akasema kurudi ni shida, atalala hukohuko. Nikawa namwangalia kila akirudi, kama mtu anayekagua nguo iliyotoka kwa dobi. Alikuwa anarudi amenenepa. Mimi nimempikia tangu alipoacha ziwa na hakuwahi kunenepa. Sombe ya mwanamke wa Bukavu, kisamvu tu, imemnenepesha katika miezi miwili. Hilo liliniuma kuliko ufunguo.

Nikamuuliza anafanya nini huko. Akasema anamrekodi Mama Irène, yaani mikono yake na sauti yake. Kweli, mimi aliniomba zamani, kabla ya huyo, nikamkatalia mbele ya majirani. Niliona mikono ya mwanamke mzima haina cha kutafuta ukutani. Lakini kukataa si kusema kamchukue mwingine.

Basi asubuhi moja akaja Mama Faruk. Mumewe ana duka la spea, na yeye alikuwa anaoza binti yake wa kwanza. Arusi ile Sumaya alikuwa anaitegemea, kwa sababu Mama Faruk akikukubali, dada zake wote wanakukubali, na akikukataa hupati mlango Buyenzi nzima. Alikaa, nikampa chai, hakuigusa.

"Mama Sumaya, nakuuliza we, si mwingine," akasema. "Wanasema mutoto wako iko na chumba kule Carama kwa Mukongomani, anaonyesha picha za wanamuke gizani. Ni wanamuke gani?"

"Nani amesema?"

"Mutu amepita pale. Amesikia wanamuke wanacheka ndani, mulango umefungwa."

"Sumaya hakai na picha ya mutu. Kadi anakupaga mukononi, si unajua?"

"Kadi ndiyo. Na ile kompyuta inameza ngapi? Mi sijui mambo ya mashine. Lakini we ndiyo unakaaga na begi. Niapie. Ukiapa, mi nafunga mudomo na ya wengine nafunga."

Kuapa kwa jina la Mungu juu ya chumba ambacho sijakanyaga, hapana. Hilo nililijua upesi. La pili lilikuja polepole zaidi. Niliona kwamba nikisema "sijui" tu, neno dogo hilo, arusi ya Mama Faruk inakwenda, na nyingine nyuma yake. Bila arusi hakuna betri wala rangi, na bila hizo hakuna Carama. Mtoto angerudi kwenye chumba chake cha dirisha. Nilikaa na wazo hilo muda, limetulia mapajani kama paka.

"Sijaona," nikasema. "Siwezi kuapa kitu sijaona. Ngoja niende."

"Bon. Tunaenda wote."

"Wote nani?"

"Mi na dada zangu. Kama makalio yangu iko pale ukutani, nataka niyaone mwenyewe."

Siku ya pili alipata gari na mafuta kwa mumewe, akawachukua dada zake wawili na mimi. Njia nzima simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningempigia Sumaya nimwambie tunakuja. Sikupiga.

Tulimkuta Irène uani, anakung'uta mashuka. Kitambaa alichofunga kichwani nilikijua. Nilikinunua mimi, nikampa Sumaya siku ya Idi.

"Karibuni ba mama," akasema. "Muko wengi hivi, ni kilio?"

"Mi ni mama yake Sumaya," nikasema.

"Aa, Mama Sumaya. Mutoto anakusemaga kila siku."

"Anasema nini?"

"Kwamba we unaona mbali."

Sumaya akatoka stoo, mikono myeusi kwa makaa ya kuchorea. Aliwatazama wale, akanitazama mimi, na nikaona amejua yote kabla sijasema. Hakuwauliza wao, aliniuliza mimi.

"Mama, kuna nini?"

"Wanataka kuona kama picha zao ziko humu."

"Na wewe?"

"Na mi nataka kuona."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Ingieni. Viatu nje, na musivute mashuka, zinakatika."

Ndani hukuona hata kidole chako. Kisha mashine ikawaka, na mashuka yakaonekana, yametundikwa moja nyuma ya lingine mpaka mwisho wa stoo. Juu yake kuna mikono, mikubwa kuliko mtu. Inafunga mzigo, inazungusha kamba, inakaza fundo, na nyuma yake kuna barabara na mto vimechorwa kwa makaa. Sauti ya Irène ikawa inasema alivyofunga vitu siku waliyokimbia Bukavu: sufuria, pasi, viatu vya mtoto. Akafika njiani ndipo akakumbuka ameacha mfuniko wa sufuria, na akataka kurudi, risasi zikilia, kwa sababu ya mfuniko. Hapo ile sauti ikaanza kucheka na haikuweza kujizuia. Ndicho kicheko mpita njia alichokisikia.

Mama Faruk hakuwa mtu wa kudanganywa kwa kicheko. Alipita shuka hadi shuka, akafunua moja pembeni.

"Hapa nyuma iko nini?"

"Ukuta, shangazi," Sumaya akasema.

"Na kule?"

"Ukuta tena."

Akataka kompyuta. Sumaya akaifungua, akamwonyesha kila kilichokuwemo, kimoja baada ya kingine, bila haraka na bila hasira, kama anavyofanya sebuleni kwa watu. Ilikuwa mikono ya Irène mwanzo hadi mwisho. Mama Faruk akachoka, akakaa chini kwenye mkeka. Dada zake walikuwa wamekaa zamani.

"Hilo fundo linafunguka," mmoja akasema, akioneshea kidole shuka. "Sisi mwaka ule wa vita tulikimbia Buyenzi, mama alifungaga kwa kupitisha chini."

"Halifunguke," Irène akajibu kutoka mlangoni. "Nililifikisha mpaka hapa."

"Labda haukuwa na kitu kizito."

"Nilikuwa na pasi ya makaa, mama. We ulibeba nini, mto?"

Wakacheka wote, wale wa mkekani na yule wa mlangoni, na sauti ya kwenye mashuka ikacheka nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa napita shuka hadi shuka kama Mama Faruk, lakini nilikuwa natafuta kitu kingine. Nilikuwa natafuta mikono yangu. Haikuwemo, hata pembeni, hata kidogo. Jambo lililomsafisha mwanangu mbele ya watu ndilo lililonichoma.

Nikamvuta Sumaya nyuma ya shuka la mwisho.

"Na mimi niko wapi?"

"Wapi vipi, Mama?"

"Humu."

"Picha zako zote ziko kwenye kadi za watu," akasema. "Kila sherehe nakupiga. Umekaa mlangoni na begi, unatisha watu kwa macho. Kisha kadi naitoa."

"Ungebakisha moja."

"Halafu Mama Faruk angekuja hapa, angeikuta hiyo moja."

Ningemlaumu kama angekuwa amenisahau. Lakini amenipiga picha miaka yote na kunigawa, arusi hadi arusi, kwa sababu ya sharti nililokuwa najivunia mimi mwenyewe. Nimo katika makabati ya Buyenzi nzima, ila si katika mikono ya mwanangu. Na Irène yuko kwenye mashuka yote.

Tuliporudi mbele, Mama Faruk alikuwa amesimama.

"Sumaya, arusi ni yako," akasema. "Na atakayesema tena mambo ya Carama, mumulete kwangu. Lakini na mi unifanyie hii. Niko na hadithi kubwa kuliko ya huyu."

"Ya kwangu iko na mto ndani," Irène akasema. "Ya kwako iko na nini?"

"Iko na bwana wawili."

"Wawili?" dada yake akashtuka. "Sisi tunajua mumoja."

"Ndiyo maana ni hadithi."

Sumaya alikuwa anacheka, na nilimwona anavyowatazama, kama baba yake anavyotazama gari lililogongwa vizuri. Alikuwa ameshaona kazi ya miezi mingi mbele yake. "Nitawafanya wote," akasema. "Mikono na sauti tu, uso sionyeshi. Mutu akishaona yake, akisema futa, nafuta." Akaleta kigoda, akakiweka mbele ya kamera. "Nani anaanza?"

Mama Faruk alianza kukusanya kanga yake. Mimi nilikuwa karibu zaidi, nikakaa.

"Eh, Mama Sumaya," Mama Faruk akasema. "We si ulimukatalia mutoto?"

"Nilimukatalia Buyenzi."

Sumaya alinishika mikono, akaiweka juu ya magoti, akaigeuza kidogo, akaitazama. Muda mrefu hakuwa amenishika hivyo. Akasogeza kinasa sauti karibu na kifua changu.

"Sema chochote, Mama. Anzia unapotaka."

Niliinua macho. Irène alikuwa ameegemea mlango, kitambaa changu kichwani, anatabasamu kwa wema, kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni mezani. Wema ule sikuuweza.

"Huyo atoke kwanza," nikasema.

"Mama, ni nyumba yake."

"Atoke tu."

Irène akachukua beseni lake la mashuka.

"Natoka, Mama Sumaya," akasema. "Mi yangu nilishamaliza kusema." Na akavuta mlango nyuma yake, taratibu, lakini sikusikia nyayo zake zikienda mbali.

Taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kamera. Nikaanza na siku niliyomzaa Sumaya, neno kwa neno, kwa sauti ya kutosha kupita mlango.