Benchi la Nyuma ya Shuka

Miaka ile ya Zaire, sinema kwetu Kalemie ilikuwa shuka nyeupe katika ukumbi wa parokia, na muntu mumoja wa kutafsiri Kifaransa cha filamu, ameshika mikro ya kupaza sauti. Muntu yule alinikasirisha, jamani! Likifika jambo lenyewe anapiga kelele, "Muangalie! Muangalie!" kisha ananyamaza. Mama yangu macho yake yalikufa kwa ugonjwa nikiwa bado musichana. Aangalie na nini?

Mimi njo nilikuwa macho yake. Nilimunong'onezea: sasa mwanamuke anafunga sanduku, sasa bwana yuko mulangoni. Watu wa nyuma wakatuzomea: "Nyamazeni kule! Tunataka kusikia!" Aka! Wao wana macho na masikio, na bado walimunyima Mama neno dogo la sikioni.

Lilipokaribia juma la sinema, filamu kila jioni, nilienda kumuomba mukubwa wa ukumbi nafasi ya kumuelezea Mama bila kutukanwa. Alikubali mara moja. "Sitwayene," alisema, kama wanawake wote tulivyoitwa miaka ile, "usiwe na wasiwasi. Nitawatengenezea."

Alitengeneza kweli. Siku ya kwanza alitupitisha ukumbi muzima, akatukalisha kwenye benchi nyuma ya shuka, ubavuni mwa bafle, kile kisanduku cha sauti. "Hapa hamutasumbua muntu," alisema, meno yote nje. "Kipofu si anataka kusikia tu?"

Sauti ilitupiga mpaka kifuani. Nilimupigia Mama kelele ndani ya sikio, hakushika hata neno. Upande wa pili watu wakacheka. Mama akageuza kichwa.

"Mbona wanachekea mbali? Sisi tuko wapi?"

"Nyuma ya shuka, Mama."

Alinyoosha mukono, akakipapasa kile kitambaa polepole. Mama alipenda sinema kwa ajili ya watu: kucheka nao, kubishana nao njiani juu ya yule bwana mubaya. Na sasa wamemutenga nao kama mugonjwa wa kuambukiza. Machozi ya hasira yalinijaa.

Mukubwa alipopita nikamuambia hapa hapafai, Mama anataka kukaa kati ya watu. Akanuna. "Asante ya punda mateke! Mahali pengine hawana hata benchi hili." Tukarudi nyumbani filamu haijafika nusu.

Kesho yake Mama akavaa kikwembe chake kizuri. "Twende," alisema. "Leo nitakaa na wenzangu." Tulipofika mulangoni nikasimama. Kulikuwa karatasi imebandikwa.

"Unaona nini?" aliniuliza.

Sikutaka kusema. Lakini sikuwa na desturi ya kumuficha ninachoona.

"Wameandika: Vipofu, nyuma ya shuka."

Watu walikuwa wanatupita, wanatusukuma.

"Na hawa wengine wanaenda wapi?"

"Mbele, Mama, kwenye mabenchi."

"Basi nikamate mukono, twende mbele," alisema. "Na leo usininong'onezee. Sema kwa sauti."