Siku Bibi Alipokwama Mlangoni

Wiki iliyopita nilipanda gari Masasi, nikaenda Newala kuitazama nyumba ya Bibi. Ni msimu wa korosho, na harufu ya mabibo yaliyoangukia mchangani ilinipokea kabla sijafika uani. Unajua harufu ilivyo, ndugu yangu: inakurudisha utotoni hata hujajiandaa.

Bibi ndiye aliyenilea, mama akifundisha shule ya mbali. Nilikuwa darasa la tatu mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Kidole gumba kilitangulia, kikisuguana na cha shahada kama cha mtu avutaye tasbihi. Mjomba akampeleka hospitali Ndanda, wakarudi na vidonge na jina la ugonjwa: Parkinson. Jina hilo lilimshinda Bibi kutamka, akauita "mgeni". Akisema, "Mgeni leo kaamka mapema," tulijua asubuhi hiyo hatashika chungu.

Tukazoea. Kidonge kabla ya chakula, uji nusu kikombe. Kanga nilimfunga mimi. Kisamvu nilitwanga mimi pia, yeye akipitapita uani na kunielekeza: "Usikipige kama mnagombana." Sauti yake, iliyokuwa ikifika nyumba ya tatu, ikawa ndogo hata nikalazimika kumsogelea. Jambo moja tu sikulizoea: aliacha kula nasi kwenye sinia. Mchuzi ulimwagika kabla haujafika mdomoni, naye hakutaka tuone. Akawa anakula chumbani, mlango ameufunga.

Jirani yetu, ambaye ua wake na wetu ulikuwa mmoja, alikuwa na binti anayetoka unyagoni. Kumpaka mwali unga wa mtama kwenye paji la uso, kumtakia heri, ilikuwa kazi ya Bibi. Jirani akaja kumwomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichofuata. Tafuta mwingine."

"Mwingine nani? Mimi mwenyewe ulinipaka wewe."

"Mkono ule haupo tena. Nitamwagia mwanao unga machoni, watu wacheke."

"Wacheke. Atajifuta."

Siku ilipofika Bibi alivaa kanga mpya, akatembea hadi kizingitini, akakwama. Miguu yake ilikuwa imeanza tabia hiyo: ikifika mlangoni inagoma, kama iliyoshikwa na sakafu. Siku nyingine tulimsubiri tu. Lakini siku hiyo ua ulijaa watu, nao wote walikuwa wanamtazama. Nilimshika mkono, akautoa. Machozi yalimlenga.

"Nirudishe ndani," akaninong'oneza.

Jirani hakuja kumvuta. Alishika mchi akaanza kutwanga kinu kitupu, taratibu: du, du, du. Kumbe kutoka upande wake wa ua alikuwa ameona siku nyingi kwamba nikitwanga, Bibi hutembea vizuri. Sisi wa nyumbani hatukuwa tumeligundua hilo. Wanawake wengine wakadakia kwa makofi. Bibi akainua mguu mmoja, ukavuka, wa pili ukafuata.

Unga ulimwagika kwenye nyusi, puani na mabegani mwa mwali. Mwali akafumba macho, akacheka, na vigelegele vikapigwa. Baadaye masinia ya wali yaliposhushwa, Bibi alikaa na wanawake wenzake, akala, mchuzi ukimtiririka hadi kiwikoni. Kesho yake alirudi kwenye sinia letu, hakutuacha tena.

Hakupona. Miaka ilivyokwenda vidonge vilimsaidia kwa muda mfupi zaidi, akawa wa kitandani, kisha akatutoka.

Nyumba sasa mjomba anaipangisha kwa mama mmoja, mtumishi wa serikali. Kati yake na kwa jirani pamejengwa ukuta wa tofali, kwa ajili ya wezi, nami siwezi kumlaumu mtu. Nilizunguka barabarani, nikagonga geti, nikamwamkia jirani yetu. Amezeeka, lakini macho yake bado yanaona mbali. Nikamuuliza habari za mpangaji.

"Mtu mwema, nadhani," akasema. "Namsikia akikohoa tu. Akikwama, mwanangu, nitamwonea wapi?"