Vipande Laini vya Mbwa wa Babu

Mbwa wa Babu aling'olewa meno wakati Babu mwenyewe ametoka hospitali juzijuzi, mdomo umeelemea upande mmoja. Wote wawili wakawa watu wa uji. Babu aliukubali. Mbwa alikataa kila kitu, akawa analala chini ya dirisha la chumba cha Babu, mbavu zinahesabika. Kila nikiingia na bakuli Babu alinyoosha kidole dirishani, akiuliza kama amekula. Nikisema hapana, na yeye anafunga mdomo, hata kijiko hakipiti.

Mimi si msemaji. Shuleni nikiitwa kujibu nasikia masikio yanawaka. Lakini kupika naweza, kwa hiyo nikatafuta kwenye simu jinsi ya kutengeneza vitafunio vya mbwa asiye na meno. Ini la kuku, boga, yai na unga wa shayiri. Unachemsha ini, unalisaga pamoja na boga, unachanganya na vilivyobaki, unaoka kwa moto mdogo ili vibaki laini kama mkate wa kumimina, halafu unakata vipande vidogo vya kumeza.

Tatizo lilikuwa oveni, maana ni ya Bibi. Bibi ni mtu wa Tanga. Babu alimkuta huko alipokuwa amekimbia siasa za makaburu, wakaoana, na watu waliporuhusiwa kurudi akamfuata mpaka huku Midrand, Afrika Kusini. Mpaka leo Bibi hajamzoea mbwa. Hamchukii, ila mate yake ni najisi, na chombo kikilambwa kinaoshwa nje mara saba, mara moja kwa udongo. Nilipomwambia nataka kuoka chakula cha mbwa aliniangalia kama vile nimeomba kuoga kwenye birika lake la chai. Kisha akauliza Babu amekula nini leo. Nikamwambia hajala.

Akaenda stoo, akarudi na sufuria kuukuu na trei iliyopinda.

"Hivi visirudi kabatini kwangu," akasema. "Na ini ukanunue kwa mchinjaji wetu. Mbwa au si mbwa, kibudu hakiingii jikoni humu."

Mara ya kwanza vilitoka vizuri. Mbwa alinusa, akanitazama, akameza. Babu aliona kila kitu kutoka kitandani, na jioni hiyo akamaliza bakuli. Nilimsikia Bibi akisoma dua ya shukrani jikoni.

Safari iliyofuata nilikuwa na mtihani, Bibi akasema niende tu, ini atalianza yeye. Sikuamini. Hajawahi kumpikia yule mbwa kitu. Niliporudi trei ilikuwa imeshatoka, na nyumba inanukia kama siku ya pilau. Nikamuuliza ameweka nini.

"Kitunguu saumu, tangawizi, na vitunguu maji kidogo. Ini utalichemshaje tupu? Linanuka shombo."

"Ni la mbwa, Bibi."

"Kwani mbwa hana pua?"

Tulicheka sana. Na mbwa alikula kuliko siku zote. Bibi akawa anajaza mwenyewe kisahani, ananipa mimi nikakiweke nje, nami napitia kwanza kwa Babu akione.

Baada ya siku chache mbwa hakuweza kusimama. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Shangazi yangu anayeishi kitongoji cha Alexandra alikuja na gari lake, nikambeba mbwa kwenye blanketi tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamfunua mdomo, fizi nyeupe, akauliza anakula nini. Nikataja kila kitu. Nilipofika kwenye vitunguu akaacha kuandika. Vitunguu vya aina zote, akatuambia, vinavunja damu ya mbwa.

Lazima niseme habari za Shangazi. Ni mtoto wa Babu, ila si wa Bibi. Babu alipokimbia nchi alimwacha tumboni mwa mama yake, na aliporudi alimkuta mwali mkubwa ambaye hataki kumwita baba. Walianza kupatana polepole. Yule mbwa, Shangazi ndiye aliyemletea Babu.

Mbwa tulimwacha kwa daktari, na njiani tukasimama kwenye roboti, zile taa za barabarani. "Eish," akasema. "Miaka yote bibi yako anamwita mbwa uchafu. Leo ndiyo ampikie?"

Nilitaka kujibu. Taa ikawaka kijani, tukaondoka. Nilichoogopa si kifo cha mbwa peke yake. Niliogopa Shangazi ataamini Bibi kaua makusudi, na Babu atalazimika kuchagua kati ya mke na binti, na mwili wenyewe ndio ule dhaifu.

Nyumbani Shangazi alisimama miguuni pa kitanda cha Babu akayamwaga yote kwa Kizulu, mbiombio. Kizulu cha Bibi kinatosha dukani, si kwenye kesi. Alidaka neno la vitunguu tu, akaanza kuniangalia mimi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni Kiswahili, ambacho Shangazi hakijui.

"Bibi hakujua. Hata mimi niliyesoma kwenye simu sikujua. Alitaka chakula kisinuke, basi."

Shangazi akauliza nasema nini. Babu akamwangalia Bibi, akauvuta mdomo wake mzito.

"Vilikuwa vitamu," akasema kwa Kiswahili. "Mimi nilikula."

Bibi akaziba uso kwa khanga, sijui ni kicheko au kilio. Lakini nilipomtafsiria Shangazi maneno hayo ndiyo akawaka zaidi: kumbe na baba yake analishwa chakula cha mbwa. Akaondoka. Mbwa alipotoka kwa daktari, mzima ila dhaifu, alimpeleka kwake Alexandra.

Jumamosi Bibi alichemsha ini tupu, ncha ya ushungi imeziba pua, mimi nimesimama pembeni yake mpaka mwisho. Akaniambia niseme nimepika mimi, yaishe. Nikapanda teksi na kopo la vipande mapajani, bado la moto.

Shangazi alifungua geti nusu. Nyuma yake mbwa alikuwa amelala kwenye gunia, akainua kichwa. Shangazi akapokea kopo, akafunua kifuniko, akanusa. Akanusa tena.

"Nani kapika?"

Masikio yakaanza kuwaka. "Bibi," nikasema. "Nilikuwepo. Hakuweka kitu."

Hakunirudishia kopo, na hakuingia nalo ndani. Tulisimama hivyo getini, mbwa akijaribu kuinuka.