Mpangaji wa Mwaka wa Paka

Thoa hakuwa mtu wa kutulia, na kwa hilo mimi simlaumu. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane, fundi wa miwani, bado analala kwenye kochi sebuleni kwa mdogo wake wa kiume, na wifi yake akiamka kunywa maji anamruka miguu bila hata samahani. Atulie wapi? Alitaka mlango wake mwenyewe, aufunge kwa ufunguo wake. Basi.

Ndipo akasikia kuna nyumba ya chumba kimoja cha kulala inapangishwa Truc Bach, kando ya ziwa, katikati ya Hanoi. Kutoka pale hadi dukani kwake ni mwendo wa miguu tu. Pikipiki angeiuza, aachane na foleni zile za kumzeesha mtu. Tambi za kaa ziko kwenye kona, soko liko nyuma, chai inauzwa mbele ya ngazi. Alikwenda kuitazama asubuhi, mchana akarudi, jioni akapita tena kuichungulia roshani yake.

Mwenye nyumba, Bi Khue, mjane wa miaka sabini aliyeishi ghorofa ya chini yake, alimkaribisha chai. Hakuuliza kazi wala mshahara.

"Mwanangu, umezaliwa mwaka wa mnyama gani?"

Swali hilo Thoa alilijua; kwao kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili kwa zamu, na watu hupimana tabia na bahati kwa huyo. Yeye ni wa mwaka wa Simbamarara, na mwanamke wa mwaka huo, watu husema, humla mume na kuvuruga nyumba. Posa yake ya kwanza na ya mwisho ilivunjika kwa sababu hiyo hiyo. Tangu hapo mama yake alimfundisha kujisogeza mbele mwaka mmoja, hadi wa Paka, kila akiulizwa. Ulimi ukamtangulia.

"Paka, mama. Paka mtupu!"

Bi Khue akaweka kikombe chini. "Aa, pole sana. Mimi ni Farasi. Farasi na Paka hawakai chini ya paa moja, tutaleteana maradhi bure. Ungekuwa Simbamarara, ningekukabidhi ufunguo sasa hivi. Hao na sisi damu zetu zinapatana."

Miaka yote Thoa anamkimbia mnyama yule, leo ndiye anayetakiwa!

"Mama, nisamehe, nimekudanganya. Mimi ni Simbamarara!"

Bi Khue alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwone huyu! Na nikisema nataka Joka, utatoa moto puani?"

"Kitambulisho changu hiki hapa, tazama mwaka."

"Kitambulisho! Changu kinasema nimezaliwa baada ya mdogo wangu. Makarani wale waliandika walichotaka. Mama yako yupo?"

"Yupo, kijijini Nam Dinh."

"Mpigie. Aliyekuzaa ndiye anayejua. Weka sauti kubwa, nawe ufunge mdomo."

Thoa akapiga. Mama yake alipopokea, Bi Khue akadaka maneno.

"Dada, hujambo? Mimi ni mwenye nyumba hapa Hanoi. Binti yako anataka kupanga kwangu. Niambie kweli, ni wa mwaka gani?"

Thoa akafumbua mdomo. Bi Khue akamkazia macho, naye akaufumba. Upande wa pili mama alikohoa kidogo, kisha sauti ikaja laini, tamu, ya mtu aliyejiandaa miaka mingi.

"Paka, dada yangu! Paka mpole kabisa, hata akitembea husikii. Naapa mbele ya madhabahu ya wazee wetu."

Bi Khue akatikisa kichwa, akautia ufunguo mfukoni, akainuka kukusanya vikombe. Thoa alibaki ameikodolea macho simu ile, hana wa kumkasirikia.

"Thoa, mwanangu," mama akanong'ona kwa furaha, "nimesema vizuri? Amekupa nyumba?"