Alta kwenye Pampu ya Monowara

Monowara aliolewa kijijini Nolua, kandokando ya mto Meghna, enzi ambazo watu walikunywa maji ya bwawa na kuzika watoto kila msimu wa mvua. Mwanawe wa kwanza alikwenda hivyo, kwa kuharisha. Ndipo mumewe Tofazzal alipouza ndama, akaita mafundi, wakazamisha bomba uani na kufunga pampu ya mkono juu yake. Maji yalitoka baridi, maangavu. Kitongoji kizima kikaja na mitungi, na Monowara hakumrudisha mtu. Hakuwa na shamba wala dhahabu. Alikuwa na pampu, na kwa pampu hiyo alitembea kichwa juu.

Sumu ilikuja taratibu, haina harufu wala ladha. Madoa yalimtoka Tofazzal kifuani kama matone ya mvua juu ya vumbi. Viganja vyake vikaota sugu ngumu mfano wa punje za mahindi. Majirani walisema laana, wengine ukoma. Kinyozi akakataa kumnyoa. Kidonda cha mguu kikageuka saratani, kikampeleka kaburini. Baadaye wakaja wapimaji na vichupa vyao, wakasema maji yana aseniki, sumu ya huko chini ardhini, wakaipaka pampu rangi nyekundu: ya kufulia tu, si ya kunywa.

Siku hiyo Monowara alikaa kizingitini mpaka wali ukaungua jikoni. Kisha akainuka, akapita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia mwenyewe kwamba maji yake ndiyo yaliyomuua mumewe, wasimwonee haya, wasiyanywe. Tangu hapo akawa anavuka tuta, mtungi kiunoni, kuchota msikitini kwenye pampu ya kijani, ambayo wapimaji waliikuta salama. Wapo waliomcheka: mama wa maji, leo anaomba maji. Aliwajibu kwamba mtungi haujui haya, na kiuno ni chake.

Kisha ikaja posa ya bintiye Kohinur. Watu wa upande wa kijana walikuwa njiani kuja kumtazama msichana: nywele, mwendo, viganja. Viganja vya Kohinur vilikuwa laini, lakini nyumba zenye pampu nyekundu zilikimbiwa. Nani ataka mkwe mwenye sumu damuni? Asubuhi hiyo, aliporudi na mtungi, Monowara alimkuta Akkas, mdogo wa marehemu, amechuchumaa uani na kitambaa chenye mafuta ya taa. Pampu ilikuwa imebaki chuma kitupu.

"Umefanya nini, shemeji?"

"Nimekuozea binti. Wakishaondoka, ipake hata zambarau."

"Na mgeni akishikwa na kiu, akajichotea?"

"Funda moja haliui mtu."

"Kaka yako alianza na funda moja."

Akkas akainamia kitambaa chake. Rangi haikuwapo, na duka lilikuwa ng'ambo ya mto. Aliyetoka ndani ni Kohinur, mkononi chupa ya alta, ile rangi nyekundu ya kupambia nyayo, aliyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Hakumwuliza mama yake. Alisugua chuma kwa majivu mafuta yakatoka, akaanza kupaka mpini. Monowara akashika upande wa pili. Alta ni nyepesi, ikachuruzika. Wakarudia na kurudia mpaka chupa ikabaki na tone.

Wageni walifika, wakala wali wa maziwa. Mama wa kijana, Bi Anjuman, alimtazama Kohinur nywele, akavigeuza viganja, kisha akashuka hadi nyayo.

"Mwanangu, miguu mitupu namna hii? Kwenu hakuna alta?"

"Ilikuwapo, mama. Iko kwenye pampu."

Akkas alikohoa. Monowara akaeleza yote, asifiche mume, wala sumu, wala kitambaa cha mafuta ya taa. "Binti yangu aliyanywa maji haya utotoni," akamalizia. "Mkimtaka, mtakeni mkijua."

Bi Anjuman alitoka uani, akaigusa pampu. Kidole kikaja na wekundu.

"Kwetu nako rangi hii hufutwa pampuni kila ikija posa," alisema polepole. "Mimi mwenyewe nimeifuta ya kwangu. Nipeni maji."

Kohinur akammiminia ya msikitini. Mama yule alikunywa yote, akafuta mdomo kwa upindo wa sari.

"Siku ya harusi tutaipanga mkija kwetu. Ila hilo tone la alta mlilobakiza, naliomba. Nina kazi nalo nyumbani."

Monowara akampa chupa. Tangu bomba lizamishwe uani, hakuwahi kumrudisha mtu aliyekuja na haja kwenye pampu ile.