Mafuta ya Nazi kwenye Santuri za Hoteli

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, tulikuwapo wanne sebuleni: Meneja; Mkuu wa Baa, Bwana Mwinyi wa Msambweni; Mutua, fundi wa umeme; na mimi, Mwanajuma wa Kinondo, niliyeacha shule darasa la sita ili wadogo zangu watatu, mayatima wenzangu, wapate kula. Nilikabidhiwa kabati la santuri: kuzipangusa, kubadilisha sindano, na kuwapigia wageni muziki tangu chai ya saa kumi hadi magharibi.

Bwana Mwinyi ndiye aliyenifundisha. Santuri hushikwa ukingoni kwa viganja, kwa kuwa sauti imo ndani ya mfereji mwembamba kuliko unywele, na sindano husoma humo. Moja ilikuwa yake mwenyewe: jazi ya saksafoni ya sauti nene, ile inayounguruma kifuani, ikijibizana na kinanda cha kanisani.

"Huyu hapigi," alikuwa akiniambia kuhusu mpigaji. "Anazungumza na mtu aliyemkosea, na hataki kumgombeza."

Wiki ya pili Meneja alitaka sebule yote ing'ae, wageni wakubwa wanakuja. Kwetu, kitu kikitakiwa king'ae hupakwa mafuta ya nazi: nywele, ngozi, hata mlango. Nikazipaka santuri zote, moja moja, na ya Bwana Mwinyi nikaipaka mara mbili. Alasiri sindano ilipotua, saksafoni ilikohoa, ikateleza, ikanyamaza. Vumbi na mafuta vilikuwa vimefanya tope mferejini.

"Mwanajuma, umezikaanga?" Mutua akacheka. "Bado pilipili tu!"

Mimi sikucheka. Nyumbani walikuwa watatu wakinitegemea. Meneja aliingia, akanusa.

"Nani kafanya haya? Aondoke leo hii!"

"Ni mimi, bwana," akasema Mwinyi. "Nilidhani mafuta yatazilinda."

Mutua akainamisha uso. Meneja akamgeukia. "Wewe sikufukuzi. Lakini nilikuwa nikupeleke hoteli yetu ya Chale ukaongoze baa ya kule. Sahau."

Alibaki kaunta ileile hadi alipostaafu. Chale nilipelekwa mimi, miaka baadaye, kisha Galu, nikiwa msimamizi wa burudani. Wadogo zangu walisoma wote. Kisa cha mzee aliyekaanga santuri waliletewa na watu wa hotelini, wakakicheka mbele yangu, nami nikacheka nao. Katika kazi yangu yote, hilo ndilo linaloniuma.

Juzi santuri ile ilitolewa upya kwa wapenzi wa sauti safi, imechongwa kutoka kwenye utepe wa awali wa kurekodia, nzito mkononi kama sahani. Niliiagiza, nikampelekea Bwana Mwinyi kwake Msambweni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Tuliisikiliza yote. Pumzi ya mpigaji ilisikika kabla ya kila sauti. Enzi zetu hatukuwahi kuisikia. Mzee alifuta macho.

"Santuri nimepokea, ahsante sana. Lakini mdogo wako muuguzi alinipima presha wiki jana. Akaniuliza mbele ya wagonjwa kama bado nakaanga."

"Nitawaambia, mzee."

"Lini, Mwanajuma? Mimi nimeshazeeka."

Wadogo zangu watakuja Idi. Hapa nimeandika, na kuandika ni kwepesi. Kuwaambia kwa mdomo wangu, mzee akiwa ameketi pale anasikia, bado.