Nitakulaje Chakula cha Mama Mkwe Baada ya Safari Ile ya Karavani?

Naomba mlifiche jina langu, maana Wakongo wa Durban tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Uvira, nina mke na binti mmoja, Neema, tunakaa Umbilo. Nafanya kazi kiwandani huko Jacobs. Ninayoandika hapa yananitia kinyaa hata sasa, kwa hiyo kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1999 nilinunua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Nilikuwa nawaona wazungu wakizipeleka baharini kila likizo, nikasema na mimi siku moja. Mzee mmoja mzungu wa mtaani kwetu aliiuza yake kwa sababu mgongo umemkataa. Ilikuwa kuukuu, inanuka mbwa, lakini niliipenda kama mtoto. Alinifundisha kuifunga nyuma ya bakkie yangu, yaani pikapu, na kurudi nyuma nayo, ambapo ukitaka iende kulia unazungusha usukani kushoto. Wiki mbili nilifanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa, nikaangusha ua wa mchungaji. Jambo moja tu sikumsikiliza vizuri yule mzee: choo. Ni choo cha kubeba, juu unakalia, chini kuna tangi lenye mfuniko. Alinipa na chupa ya dawa ya bluu. Mimi nikadhani ni sabuni ya karavani, nikaioshea mabati yote nje. Yaling'aa kweli!

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amefika kwetu akikimbia vita. Sasa mnielewe. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Simtazami machoni, sili naye, silali naye chumba kimoja. Nyumbani tuliweza, anapita huku napita kule. Lakini Pasaka ilipofika, tukajiandaa kwenda kambi ya karavani ya pwani, nje ya Durban, mke wangu akasema mama hawezi kubaki peke yake, twende naye. Karavani ni chumba kimoja! Nikakubali, mimi nikalala ndani ya bakkie siku zote tatu, magoti kifuani.

Bafu na vyoo vya pale kambini vilikuwa mbali, na mama ana miguu inayovimba. Kwa hiyo alitumia kile choo cha ndani. Peke yake. Siku tatu, joto la pwani mnalijua, na ile dawa ya bluu, kumbe ya kuua harufu ya choo, niliimalizia kwenye mabati. Siku ya tatu harufu ilikuwa inatoka nje kunisalimia kwenye bakkie. Mke wangu akaja.

"Papa Neema, ile choo imejaa. Uende kuimwanga."

"Mimi? Ile ni ya mama yako! Mukwe anaweza kubeba vitu kama ile?"

"Karavani ni ya nani? Si weye ulisema unajua kila kitu yake? Mimi sijui kuifungua."

Ni kweli, hakujua. Nikalibeba lile tangi, nimegeuza uso, nikisikia linavyocheza ndani, chwa, chwa. Mahali pa kumwaga palikuwa karibu na kiti alichokalia mama mkwe akisuka nywele za Neema. Sikujua kwamba tangi likikaa juani linajaa hewa, unatakiwa kuitoa polepole huku umelielekeza mbali. Mimi niliinama juu yake, nikazungusha mfuniko.

Likafyatuka. Usoni, machoni, shati lote. Mdomo ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nimebana pua. Jamani, uchafu ule ulikuwa wa moto. Mlinzi wa pale akasema, "Hawu, baba!" akakimbia. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikapiga kelele kambi nzima isikie: "Mavi ya mama yako imeingia mu kinywa yangu!"

Mama mkwe aliacha kusuka. Akajifunika kitenge usoni, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakula tena mpaka tulipofika Durban, na siku hiyohiyo akahamia kwa mama mmoja wa kanisa, Sydenham. Mke wangu akaniambia, "Mama alitembea na miguu mu vita, hakuna mutu alimutukana vile. Anatukanwa na mume wangu."

Nilituma watu wakaombe msamaha mara tatu. Najichukia kwa neno lile kuliko ninavyochukia lile tangi. Juzi wazee wa kanisa wametuletea jibu, na jibu ni zuri: mama amekubali kurudi. Jumapili atapika yeye mwenyewe kwa mkono wake, sombe, yaani kisamvu, na samaki, na siku hiyo tu mwiko utawekwa kando, mimi nitakula mbele yake na mbele ya wazee. Nikila, yamekwisha. Mke wangu amesema waziwazi kwamba nikikataa, yeye na Neema wanamfuata mama Sydenham.

Tatizo ni kwamba siwezi. Tangu siku ile, chochote cha majimaji kikifika mdomoni narudi palepale. Jana mke wangu alipika sombe, nikajaribu kwa siri, nikiwa nimesimama jikoni. Nilimeza kijiko kimoja nikakimbilia dirishani. Na ile ilikuwa imepikwa na mke wangu, sembuse ya mama mwenyewe.

Wasomaji wenzangu, ulimi nimeufunga, hautamtukana tena. Tumbo ndilo silitawali. Nikitapika chakula chake mbele ya watu wote wale, atajua kwamba lile neno bado nalisema. Nisipokula, nimepoteza nyumba. Mama mkwe naye hana nyumba nyingine ya ndugu ila yetu. Nishaurini, Jumapili ni keshokutwa, nifanye nini?